Ulimi wa Bwana Bonifas

Mtu akiwa mtani wako, halafu ndiye huyohuyo anayekulipa mshahara, umekwisha. Joha alikuwa amekwisha kwa miaka minne, pale kwenye hoteli ya Bwana Bonifas, Mikumi, kando ya barabara kuu, upande ule wanakopumzika madereva wa malori ya Zambia.

Joha ni Msagara, kwao Tindiga. Bwana Bonifas ni Mnyamwezi wa Rudewa. Babu yake aliletwa kukata mkonge, mkonge ukafa, ukoo ukabaki. Na Msagara na Mnyamwezi, kama hukuwahi kuambiwa, ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani ana haki zake. Akichukua kitu chako hukasiriki, unakigomboa. Akikutukana unamtukana zaidi, watu wanacheka, mambo yanaisha. Atakayenuna ndiye aliyeshindwa.

Bwana Bonifas alizijua haki hizo zote na alizitumia bila likizo. Alikuwa akipita jikoni saa saba mchana, ananyanyua sahani ya Joha ya ugali na dagaa, anaila amesimama, kisha anamrudishia sahani tupu. "Mtani, nimekupunguzia mzigo." Siku ya mvua kubwa aliuteka mwavuli wake na kumwambia augomboe kwa karanga za kukaanga. Baba yake Joha alipofariki, alifunga safari mpaka Tindiga, akalala chali njia ya makaburini, kofia yake ya pama usoni, akatangaza kwamba maiti haipiti mpaka yeye apewe jogoo. Mama yake Joha akacheka katikati ya kilio. Kwa hilo Joha alimpenda yule mzee na hakuacha kumpenda.

Lakini utani wa bosi una kasoro moja: unakwenda njia moja. Yeye anarusha, wewe unadaka. Joha alikuwa na majibu, tena makali, maana Wasagara mdomo wanao! Yalimfika kooni kila siku, akayameza pamoja na mate, akasema, "Haya bosi, sawa," akaendelea kumenya vitunguu.

Ndiyo, vitunguu. Kwenye karatasi aliitwa msaidizi wa jikoni, na maana yake ilikuwa menya, osha, deki, menya tena. Magunia ya vitunguu kutoka Malolo yaliingia mlango wa nyuma na yote yalipita mikononi mwake. Alichokitaka ni kitu kimoja tu, kushika jiko. Na mwezi wa tatu mpishi Frank alipohamia Iringa bila kuaga, jiko likabaki wazi.

Sasa, wakati huohuo Bwana Bonifas alikuwa amerudi kutoka Dar na mzigo mkubwa ndani ya boksi. Ilikuwa ni ile mashine ya kukaanga kwa upepo wa moto, isiyotaka mafuta, ambayo watu wote wa jikoni waliifupishia jina wakaiita fraya. Wageni wa mbugani siku hizi wanaogopa mafuta kuliko simba, alisema. Na huko Dar, kwenye hoteli moja ya ghorofa, alikuwa amekula pete za vitunguu zilizovikwa unga uliokorogwa kwa bia. Tangu arudi hakuwa na habari nyingine.

"Vikavu!" alikuwa akisema huku amefumba macho. "Ukiuma, kachu! Na bia unaisikia kwa mbali inakuita."

Maana yule mzee, ukitaka akupende, msifie ulimi wake katika mambo ya bia. Alidai kwamba akionja funda moja tu, macho yamefumbwa, anakutajia kiwanda na msimu. "Mtu anaweza kunidanganya umri wake, jina lake, hata kabila lake," alipenda kusema. "Kwa bia, hanidanganyi." Hakuna aliyewahi kumpima. Nani ampime mwenye hoteli?

Jumatatu akawaita Joha na kijana mmoja mgeni aliyeitwa Evance, mwenye cheti cha chuo cha hoteli na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

"Jumamosi saa kumi jioni," alitangaza. "Kila mmoja atapewa chupa moja ya bia na zamu moja ya fraya. Atakayenipa vitunguu vya bia kama vile vya Dar, ndiye mpishi. Mwingine tutaagana kwa amani."

Joha akaitikia vizuri, akatoka nje, akaketi juu ya gunia.

Bia! Miaka minne kwenye hoteli inayouza bia, na hakuwahi kuigusa hata chupa tupu. Wahudumu walijua. Devota, mhudumu wa mezani, ndiye aliyekuwa akimwondolea chupa. Siku anaondoka Tindiga, mama yake alimshika mkono akamwambia, "Wapikie wageni wanachokitaka. Lakini bia usiishike, usiimimine, na usinirudie na harufu yake. Sitakula mkononi mwako." Joha akaapa. Na mama yake si mwanamke wa kusema kitu halafu akasahau.

Jumatano, Bwana Bonifas akiwa ameenda Kilosa kwa mambo ya ardhi, basi la Kilosa likaingia na kondakta wake, Mudi, akashuka na kidumu cha lita tano. "Togwa yako hiyo, kutoka kwa mama. Kaniambia nisiionje. Nimeionja."

Kidumu kilikuwa kimelala usiku mmoja na kutikiswa kwa mashimo ya barabara tangu alfajiri. Joha alipolegeza kifuniko, kikafoka ssss, povu likamtambaa vidoleni. Akanusa. Utamu wa kile kinywaji, ambacho hata watoto hunywa, ulikuwa umeanza kuchachuka, na harufu ya kimea cha ulezi ilikuwa imejaa. Akalitazama lile povu kwa muda mrefu. Kimea kipo. Mapovu yapo. Uchachu upo. Na bia, kwa alivyosikia watu wakiisimulia, ina kitu gani zaidi, ukiacha kuangusha watu mitaroni?

Akafunga mlango wa jikoni.

Mara ya kwanza alikoroga unga na togwa, chumvi, pilipili manga, akachovya pete za vitunguu, akazitia kwenye kapu la fraya zikiwa zinatiririka. Jamani! Kapu lile lina matundu. Rojo lote lilishuka chini likaungua huko, na juu vikabaki vitunguu uchi, vimejikunyata. Kuku wa jirani walipewa, wakavichungulia, wakaondoka zao. Mara ya pili aliuzidisha unga, akapata maandazi yenye kitunguu katikati. Mara ya tatu akasimama, mikono kiunoni, akaisemesha ile mashine.

"Wewe mafuta huna. Kwenye mafuta rojo linashikwa hapohapo. Kwako lazima nikuletee kitu kilichokwisha kushikana."

Hapo sasa ndipo akili ilipokaa sawa. Pete akazikausha kwa kitambaa, akazipitisha kwenye unga mkavu, halafu kwenye rojo la togwa lililo zito na la baridi, halafu akazigaragaza kwenye chenga za mkate mkavu. Akazipanga kwenye sinia, akazitia kwenye friza mpaka zikawa ngumu. Ndipo akazipulizia mafuta kidogo kwa chupa ya kupulizia nguo wakati wa pasi, akazitia kapuni zisigusane, akazigeuza mara moja. Dakika kumi na mbili. Alipouma ya kwanza, alisikia mlio wake mpaka masikioni, akacheka peke yake jikoni.

Hakukusudia kumdanganya mtu. Basi, labda kidogo. Alijiambia kwamba akiulizwa atasema, na asipoulizwa, shauri yao.

Jumamosi ikafika. Barazani palijaa: madereva watatu wa malori, walimu wawili kutoka Kisanga waliokuja kutembea, na watu wa sokoni waliosikia kuna kula bure. Jikoni, Devota akaweka chupa moja ya bia baridi kwenye meza ya Evance na moja kwenye meza ya Joha. Joha alisubiri mpaka Devota alipogeuka, akaifunika yake kwa sufuria.

Evance akatangulia. Kijana alijua kukata, hilo tusimnyime. Pete zake zilikuwa sawasawa zote. Akafungua bia kwa madaha, akaimimina yote mpaka tone la mwisho, akakoroga, akachovya, na Joha, pembeni, akamwona ananyanyua pete zinazotiririka akizipeleka moja kwa moja kapuni. Moyo ukamuuma. Alitaka kumwambia. Kazi ilikuwa moja na wao walikuwa wawili.

Kilichotoka mle ndani kilikuwa bamba moja, limeshikana na kapu, likabanduliwa kwa kisu. Evance akalikatakata, akalipamba kwa majani ya kotimiri, akapeleka barazani na uso wa mtu anayekwenda kupimwa malaria.

Kisha Joha akatoa frizani sinia lake la pete za togwa alizozigandisha tangu asubuhi, akapulizia, akapanga, akageuza, akatoa. Vilikuwa vya rangi ya dhahabu, kila kimoja kimesimama peke yake.

Bwana Bonifas alikuwa ameketi katikati, kofia ya pama kichwani, kitambaa shingoni. Akaanza na sahani ya Evance. Akatafuna. Akafumba macho. Akatafuna tena. Akaweka uma chini.

"Hapa hamna bia," alisema.

"Bosi, nimetia chupa nzima!"

"Hamna bia. Kuna maji na unga. Kijana, wewe bia yangu umeinywa."

Watu wakaguna. Evance akaapa kwa Mungu na kwa mama yake mzazi, akaomba anuswe mdomo. Bwana Bonifas hata hakumtazama. Alikuwa amekwisha vuta sahani ya pili. Akauma. Kachu! Ule mlio ulisikika mpaka kwenye malori. Akafumba macho, akainua uso juu, na taratibu tabasamu likamjaa uso wote.

"Hii sasa," alisema, "ndiyo bia. Mnaisikia? Kimea kinaanza, uchachu unafuata, halafu inakaa nyuma ya ulimi. Hii imetulia kiwandani. Hii ni ya msimu wa baridi." Akawageukia madereva. "Nilisema nini? Kwa bia hanidanganyi mtu!"

Madereva wakapiga makofi. Joha alikuwa mlangoni, ameuma khanga asicheke.

"Joha ndiye mpishi!" Bwana Bonifas akasimama. "Na wewe, mnywaji wa bia za watu, kusanya vyako uende." Kisha akaagiza ubao wa matangazo, akaandika kwa chaki, herufi kubwa, yeye mwenyewe: LEO VITUNGUU VYA BIA. MPISHI NI JOHA WA TINDIGA. Akaubeba akauegemeza kando ya barabara, palepale mabasi yanaposimama.

Mpishi! Joha alitaka kuruka. Furaha hiyo ilidumu muda wa kufuta mikono.

Maana basi la Kilosa lilikuwa linaingia, na Mudi, kabla hata halijasimama vizuri, akausoma ubao kwa sauti ya kondakta. "Vitunguu vya biaaa! Joha wa Tindiga!" Abiria wakachungulia madirishani, nusu yao wakiwa wa kulekule. Mudi akashuka, akaja mpaka kwenye dirisha la jikoni. Hakuwa anatania. "Dada Joha, kweli umeanza kupikia bia? Tunageuza saa hii. Mama yako akiniuliza nimwambieje?"

Joha akageuka, akamwona Evance kwenye kona amelivua koti lake jeupe, analikunja polepole kwenye mfuko wa rambo, macho mekundu. Hakuwa amekunywa hata funda. Kesho Mikumi nzima ingemwita mwizi wa bia, na kwenye hoteli gani angepokelewa tena?

Kunyamaza kulikuwa rahisi sana. Angenyamaza tu, jiko lake, mshahara wake. Na mama yake asiguse tena chakula chake, na huyu kijana aende na jina baya ambalo si lake. Na kusema, je? Kusema ni kumvua nguo mwenye hoteli mbele ya wateja wake, kwenye kitu kimoja anachojivunia duniani. Mshahara wa mwezi hata haujatoka.

"Devota," aliita, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Weka hiyo chupa iliyo chini ya sufuria kwenye sinia. Unifuate."

Akatoka barazani. Bwana Bonifas alikuwa anawaeleza walimu wa Kisanga habari za shayiri. Joha alimwendea kwa nyuma, akaiondoa ile kofia ya pama kichwani mwake, akaiweka kifuani.

"Mtani," alisema kwa sauti, "nimekukamata!"

Watu wakashangilia, kwa kuwa mambo ya watani yanajulikana. Bwana Bonifas mwenyewe akacheka, akapapasa upara wake. "Haya leo! Umekuwa mpishi umeota mapembe. Unataka nini niigomboe?"

"Kwanza niambie. Vitunguu nilivyokupikia vina bia?"

"Tele!"

"Devota, mwekee."

Devota akaweka chupa mezani. Ilikuwa na kizibo chake, haijaguswa, jasho la baridi linatiririka. Dereva mmoja akainama akakikagua kizibo, akaitazama sahani, akaitazama tena chupa.

"Uliyoisifia ni togwa," Joha alisema. "Ya mama yangu. Imekuja na basi. Na bia ya kweli, chupa nzima, ipo kwenye vile vya Evance ulivyosema ni maji."

Uso wa Bwana Bonifas ulibadilika rangi mara mbili.

"Joha," alisema polepole. "Lete kofia."

Hakusema mtani. Miaka minne hakuwahi kumwita ana kwa ana kwa jina lake. Hapo ndipo alipojua kwamba utani wao ulikuwa unapimwa leo kwa mara ya kwanza. Ama ulikuwepo, ama siku zote ilikuwa bosi anakula chakula cha mfanyakazi. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuharibu, akaona aharibu vizuri.

"Sileti!" alisema. "Mnyamwezi gani wewe hujui bia? Babu yako aliondoka Tabora kwa mguu, akafika Rudewa akaona mkonge akadhani ni mananasi, ndiyo maana hamkurudi! Ulimi huu ndio unaotutishia nao? Ulimi uliolala miaka minne kwenye dagaa zangu! Kiwanda! Msimu wa baridi! Kiwanda ni chungu cha mama, na msimu ni Jumanne!"

Yalitoka yote. Miaka minne ilitoka kwa mkupuo mmoja, moja likivuta lingine, la mwavuli, la sahani tupu, mpaka mwalimu mmoja wa Kisanga akateleza kwenye kiti kwa kucheka. Bwana Bonifas peke yake hakucheka. Joha aliishiwa pumzi, akasimama pale, kofia kifuani.

"Nataka uigomboe kwa hiki," alimalizia kwa sauti ndogo. "Msafishe Evance jina lake. Na langu."

Yule mzee akanyanyuka. Akachukua chaki, akapita katikati ya watu, akatoka kwenda barabarani. Kutoka barazani walimwona mgongo tu, ameuinamia ubao, anafuta kwa mkono wa shati. Ananifuta jina, Joha aliwaza. Akahesabu nauli ya kurudi Tindiga. Chaki ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena.

Mudi, aliyekuwa amerudi barabarani karibu na ubao, ndiye aliyeanza. Alishika mdomo. Kisha akashika tumbo. Kisha akausoma kwa sauti yake yote, ili abiria wote wasikie:

"Leo vitunguu vya togwa! Havina bia hata tone! Mpishi ni Joha wa Tindiga! Evance hakunywa bia ya mtu! Mwenye hoteli hajui bia, asiulizwe!"

Basi zima likalipuka kwa kicheko. Bwana Bonifas akarudi, chaki imejaa kwenye mkono wa shati, akasimama mbele ya Joha, akanyoosha mkono. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Mtani," alisema, "kofia yangu."

Joha akampa. Machozi yakamtoka, naye akayafuta kwa khanga kwa hasira.

"Usinililie hapa, umenivua nguo halafu unalia wewe?" mzee akabweka, akiirudisha kofia kichwani. "Evance! Njoo. Nimekukosea, kijana, mbele za watu, na mbele za watu naomba radhi. Nafasi ya msaidizi wa jikoni ipo wazi, anayeiacha ni huyu mchawi. Ukitaka, ichukue. Devota, hiyo bia nifungulie, angalau moja leo niinywe kwa uhakika."

Joha akafunga vitunguu kumi vya moto kwenye karatasi, akampelekea Mudi dirishani mwa basi. "Mpe mama. Mwambie ni togwa yake mwenyewe, ale."

Aliporudi, madereva walikuwa wanagonga meza wakitaka sahani zaidi, na sinia la frizani lilikuwa tupu. Evance alikuwa amesimama katikati ya jikoni, koti lake limejaa mikunjo, hajui aanzie wapi. Joha akajifunga khanga kiunoni, akasogea mbele ya fraya, na kwa mguu akamsukumia gunia la Malolo.

"Menya," alimwambia.